SOMO LA KIKUNDI: Valvu za Amplifaya, Zimekufa kwa Uzee au Zimeuawa?



Vikundi vyetu vingi vina amplifaya. Vingine vilinunua kwa harambee, vingine vilipewa na wageni. Jumapili inatumika kanisani, siku nyingine inakodishwa kwa harusi, matanga na baraza la chifu, na pesa zinaingia kwenye mfuko wa kikundi. Amplifaya nyingi ni za transista. Lakini bado ziko zile nzito za zamani, zenye chupa za kioo ndani zinazowaka kama makaa, na nyingine huja hata leo kama zawadi kutoka ng'ambo, kwa maana wapiga gitaa wa huko bado wanazipenda. Zile chupa ndizo valvu.

Kuna wakati nilisindikiza kina mama wa kikundi kimoja kupeleka amplifaya yao Nairobi. Ilikuwa safari ya tatu kwa mwaka mmoja. Mara mbili za kwanza walikwenda Kawangware, kwa kuwa mtoto wa mweka hazina anaishi huko, na mara zote mbili fundi alitoa valvu mbili kubwa zilizokufa, akatia mbili mpya, sauti ikarudi, wakalipa. Wiki chache baadaye sauti ikaanza tena kukwaruza, halafu kimya. Safari ya tatu yule kijana akasema, hebu twende Kibera, upande wa Makina, kuna mzee aliyejifunza kazi kwa redio za valvu.

Yule mzee hakukimbilia kubadilisha kitu. Alichomoa zile valvu kubwa, akawasha amplifaya bila hizo, akaweka mita yake kwenye soketi tupu, akatazama. Halafu akazima, akamgeukia mwenyekiti.

"Mama, hizi valvu zenu hazikufa. Zimeuawa."

"Zimeuawa na nani, mzee?"

Akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi kitu kidogo cha rangi ya udongo, kama punje ya njugu. Ilikuwa kapasita. Bei yake haikufika hata nauli ya mtu mmoja kurudi nyumbani. Kikundi kilikuwa kimelipia valvu nne kwa kosa la hiyo punje.

Somo letu ni hilo. Kabla ya kutoa pesa za valvu mpya, lazima kikundi kiulize ile ya zamani ilikufaje.

VALVU HUFANYAJE KAZI

Ndani ya chupa hewa imetolewa yote. Katikati kuna kijiwaya cha moto, kama cha balbu, na kazi yake ni kupasha moto kijibomba kiitwacho kathodi. Kathodi imepakwa dawa nyeupe ya madini ya bariamu na strontiamu. Ikishika moto, ile dawa huachia elektroni, ambazo ni chembe za stima. Nje yake kuna sahani ya chuma yenye volti 300, 400 au hata zaidi, na elektroni hukimbilia huko. Kati ya kathodi na sahani kuna wavu wa waya mwembamba, gridi. Gridi ni kama mlango wa zizi. Sauti ndogo ya maiki ikifika pale hufungua mlango na kuurudisha, na kundi zima linalopita linafuata mwendo wa mlango. Hivyo sauti ndogo inazaa kubwa.

Mwingereza Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, isiyo na gridi. Mmarekani de Forest akatia gridi mwaka 1906. Transista ilikuja mwisho wa mwaka 1947, na baada ya hapo valvu zikaanza kuondoka kwenye redio moja baada ya nyingine.

Msifikiri kwamba mafundi wa Kibera na Kawangware hawana habari na valvu kwa sababu tu ni vijana. Ile tivi ya mgongo iliyokuwa kwenye kila kibanda cha video, ile iliyokaa juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma, kioo chake ni valvu kubwa! Ina kijiwaya cha moto, ina kathodi, ina gridi. Kathodi ikichoka, picha inakuwa ya giza, na mafundi wengi duniani walijua kuishtua kwa volti za juu kidogo ili ipate nguvu ya siku za mwisho. Matangazo ya analogia yalizimwa mwaka 2015, lakini watu wengi waliunganisha dikoda kwenye tivi zile zile, na kazi ikaendelea. Kwa hiyo fundi ambaye hajawahi kushika valvu ya amplifaya huenda ameshika ndugu yake mkubwa.

SAA ZAKE ZIMEHESABIWA

Ile dawa ya kathodi ndiyo maisha ya valvu. Inaisha kidogo kidogo kila saa inapowaka, kama mafuta ya taa kwenye kandili. Valvu ndogo za mbele, zinazopokea maiki, hazifanyi kazi ngumu. Zikitunzwa hufika saa 10,000, na zingine hupita hapo. Valvu kubwa zinazosukuma spika huchoka mapema: saa 2,000 ni hesabu ya tahadhari, saa 5,000 ni bahati na utunzaji.

Tupige hesabu. Tuseme amplifaya yenu inawaka saa 4 kila Jumapili, na mara moja kwa wiki inakodishwa saa 8. Hizo ni saa 12 kwa wiki, saa 624 kwa mwaka. Kwa saa 2,000, valvu kubwa zitakaa miaka mitatu na kitu. Zile ndogo zinaweza kukaa miaka 16. Basi kikundi kikiambiwa kila baada ya miezi mitatu kwamba valvu kubwa zimezeeka, kikatae. Miezi mitatu ni saa 156 tu. Hakuna kitu kinachozeeka hivyo.

Kuna jambo lingine juu ya umri. Mwaka 1946 huko Marekani walizindua kompyuta iliyoitwa ENIAC, yenye valvu karibu 18,000. Waliokuwa wakiitunza waliona kwamba nyingi zilikufa wakati wa kuwasha na kuzima, chuma kikipanuka na kusinyaa. Basi wakaiacha inawaka, usiku na mchana. Waliiendesha pia kwa nguvu ndogo kuliko uwezo wa valvu zenyewe. Na kebo ya kwanza ya simu iliyopita chini ya bahari ya Atlantiki, iliyofunguliwa mwaka 1956, ilikuwa na valvu huko huko kwenye sakafu ya bahari, ambako hakuna fundi wa kufika. Ilifanya kazi hadi mwaka 1978. Valvu zile zilijaribiwa sana kabla ya kuzamishwa, hazikubebeshwa mzigo mkubwa, na hazikuwashwa na kuzimwa ovyo.

Sisi hatuwezi kuacha amplifaya inawaka wiki nzima, stima nani atalipa? Lakini kuizima na kuiwasha kila baada ya wimbo mmoja ati ipumzike, hiyo si kuitunza. Kama programu ina mapumziko ya nusu saa, iacheni. Na kama ina swichi mbili, moja ya moto na moja ya kazi, washeni ya moto kwanza, mngoje dakika moja, ndipo muwashe ya pili.

VALVU MPYA IFANYISHWE KAZI KABLA YA HARUSI

Kifo cha valvu kina msimu wake. Nyingi hufa zikiwa changa kabisa, saa za mwanzo, kwa sababu ya kasoro za kiwandani: kiungo kilichochomewa vibaya, hewa kidogo iliyobaki, dawa ya kathodi isiyotulia. Zikivuka hapo, hukaa muda mrefu bila shida, halafu uzee unakuja. Ni kama vifaranga. Ukishapita ule mwezi wa kwanza unaweza kuanza kuwahesabu.

Ndiyo maana valvu mpya inatakiwa iwashwe na kuachwa ifanye kazi kwa siku moja au mbili kabla ya kuaminiwa. Ile mbovu itajitokeza kwa fundi, mezani, mahali ambapo hakuna bwana harusi anayesubiri. Kwa hiyo patana na fundi mapema: akishabadilisha valvu, amplifaya iwake kwake saa 24, na spika imeunganishwa, ndipo mmalizie malipo. Baada ya hapo apime tena mkondo wa valvu kubwa, kwa maana katika saa za kwanza mkondo huo husogea kidogo kabla ya kutulia. Fundi mwaminifu hatakasirika kwa masharti hayo.

Wapo wauzaji wanaosema valvu huendelea kuwa tamu zaidi kwa mamia ya saa. Mimi naona kinachobadilika hapo kwa sehemu kubwa ni sikio la msikilizaji. Msilipe pesa ya ziada kwa utamu.

KUSOMA DALILI

Zimeni taa ya chumba mwangalie chupa kwa macho, bila kufungua kitu kisichofunguka kwa mkono. Rangi ya chungwa katikati ni kijiwaya cha moto, hiyo ni afya. Mwanga wa buluu unaokaa kwenye kioo chenyewe, mara nyingi hauna neno. Lakini mwanga wa zambarau au waridi katikati ya vyuma, kati ya kathodi na sahani, unaonyesha hewa imeanza kuingia. Na juu ya kioo, au ubavuni, kuna doa linalong'aa kama fedha. Kazi yake ni kunasa hewa yoyote iliyobaki. Likigeuka jeupe kama maziwa, chupa imepasuka na hiyo valvu imekufa.

Valvu ikibaki giza na baridi, kijiwaya cha moto kimekatika, au haikai vizuri kwenye soketi. Jaribuni la pili kwanza, maana soketi chafu zimewauzia watu valvu nyingi. Sauti ikipungua polepole kwa miezi, na nyimbo za nguvu zikianza kukwaruza, huo ndio uzee wa kweli. Valvu ndogo inayolia kama kengele ukiigonga taratibu kwa penseli imelegea ndani.

Dalili ya kuogopa kuliko zote ni sahani ya nje, ile ya kijivu, ikianza kuwaka nyekundu. Hapo zimeni mara moja, hata kama kasisi yuko katikati ya mahubiri. Sahani nyekundu maana yake mlango wa zizi umeachwa wazi: stima inapita bila kizuizi, na dakika chache zinatosha kuua valvu, kisha transfoma, ambayo ni ghali kuliko valvu zote.

WAUAJI

Wa kwanza ni ile kapasita. Kazi yake ni kupitisha sauti kutoka valvu ndogo hadi gridi ya valvu kubwa, na kuzuia volti za juu zisipite. Zile za zamani za karatasi zikizeeka huvuja. Volti zinaingia kwenye gridi, mlango unabaki wazi, sahani inawaka nyekundu. Utatia valvu mpya, itafanya kazi wiki chache, itakufa kama mwenzake. Ndicho kilichowapata wale kina mama. Mzee wa Kibera alijua kwa kupima volti kwenye soketi tupu: gridi ilipaswa kuwa sifuri au chini ya sifuri, yeye akakuta iko juu. Kapasita kubwa za kusafisha stima nazo hukauka kwa miaka, na ishara yake ni mngurumo mzito unaosikika hata maiki zikiwa zimezimwa. Amplifaya ya miaka 30 au 40 ambayo haijabadilishwa kapasita hata moja, hata ikiwa inalia vizuri, msiipeleke kwenye kazi ya kulipwa kabla fundi hajaipima.

Wa pili ni stima yenyewe. Kijiwaya cha moto cha valvu nyingi kinataka volti 6.3. Nyumba zikijiunga nyingi kwenye waya mmoja mwembamba, kama ilivyo sehemu nyingi za Kibera na Kawangware, na kama ilivyo pia huko kwetu mwisho wa laini, volti 240 zinaweza kushuka jioni hadi 180. Hapo kijiwaya kinapata chini ya volti 5, kathodi haipati moto wa kutosha, na kuilazimisha kusukuma spika kwa nguvu katika hali hiyo kunaiharibu. Zikipanda hadi 270, kijiwaya kinapata zaidi ya volti 7 na maisha yanakatika. Jenereta lisilorekebishwa hufanya yote mawili kwa usiku mmoja. Kifaa cha kusawazisha volti kinalipa gharama yake.

Na hizi zawadi! Amplifaya iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240, kila kitu ndani kinapata mara mbili ya haki yake, na zawadi inaisha kabla shukrani hazijasemwa. Someni kibandiko cha nyuma kwanza. Inahitaji transfoma ya kushusha volti.

Wa tatu ni kuwasha bila spika. Amplifaya ya valvu ikipigwa kwa nguvu bila spika, au waya wa spika ukichomoka, volti hupanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti hadi inachomeka. Ya transista yenyewe inaweza kuvumilia hilo, lakini haipendi nyaya za spika zigusane. Kijana anayezoea moja ataua nyingine bila kujua.

Kuna pia mkokoteni na paa la matatu. Vyuma vya ndani vikiwa moto huwa laini. Mtikisiko mmoja wa barabara unaweza kuvifanya vigusane. Amplifaya ipoe nusu saa kabla ya kubebwa. Na msiifunike kitambaa ikiwa inawaka, hata kama vumbi ni jingi.

Fyuzi ikikatika mara mbili, inawaambia kuna ugonjwa. Anayeweka kipande cha waya wa nyaya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi anachoma transfoma, na pengine nyumba.

HAPA MTU ANAWEZA KUFA

Naandika hili kwa wale vijana wetu wenye mikono myepesi. Kapasita za ndani hushika volti 400 na zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa. Zinaweza kukaa na hiyo stima dakika nyingi, na zikiwa na kasoro, saa nyingi. Hii si kama betri ya gari. Mtu akishika kwa mikono miwili, moyo unaweza kusimama. Kubadilisha valvu kutoka nje, amplifaya ikiwa imezimwa, imechomolewa na imepoa, kunaruhusiwa. Kufungua chini yake ni kazi ya fundi anayejua kuondoa hiyo stima na kuhakikisha kwa mita.

Pia, msikate pini ya tatu ya plagi, ile ya ardhi, ati isiingie tabu kwenye soketi. Ikikatwa na kukawa na hitilafu ndani, stima inatoka kwa mwili wa maiki, na mwimbaji anaipata mdomoni. Katika nyumba ya mabati ni mbaya zaidi, maana waya uliochubuka ukigusa ukuta, ukuta wote unabeba stima.

DAFTARI NA MFUKO WA VALVU

Nunueni daftari la kurasa 96, lifungwe kwa kamba kwenye amplifaya. Kila ikitumika, aliyeiwasha aandike tarehe, saa ngapi, mahali gani, stima au jenereta, na kitu alichoona au kusikia. Fundi akisema valvu zimezeeka, fungueni daftari mjumlishe.

Halafu mfuko. Tuseme valvu kubwa mbili pamoja na kazi ya fundi ni Sh 9,000. Gawanyeni kwa saa 2,000: ni Sh 4.50 kwa kila saa. Harusi ya saa 8 inatakiwa kuweka kando Sh 36. Kiasi hicho hakuna atakayekiona kikitoka, lakini vikundi vingi hugawana pesa yote ya kukodisha, na siku valvu zikiisha wanaanza kuchangishana upya. Ulizeni bei ya kweli mwingize kwenye hesabu hii, na muulize kila mwaka, kwa sababu valvu siku hizi hutengenezwa na viwanda vichache tu, zaidi Urusi, Slovakia na Uchina, na vita vya mwaka 2022 vilionyesha jinsi bei inavyoweza kuruka ghafla. Kapasita na transista utapata Luthuli Avenue siku hiyo hiyo. Valvu huenda ikabidi iagizwe. Wekeni jozi moja ya akiba, iliyokwisha kujaribiwa, ndani ya sanduku lenye nguo laini.

Wale kina mama walilipa kapasita na valvu mbili, amplifaya ikalala kwa mzee inawaka hadi kesho yake mchana. Valvu za zamani waliomba warudishiwe. Mweka hazina anazo kwenye kabati, na fundi yeyote akimwambia neno "uzee" huenda kuzileta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Amplifaya yetu ni ya valvu au ya transista? Ni ya volti ngapi? Mtu mmoja aende asome kibandiko sasa hivi.
2. Katika miaka miwili iliyopita tumelipa fundi mara ngapi, na kila mara alisema nini kilisababisha? Kama hatukuuliza, ni kwa nini?
3. Nani anaruhusiwa kuiwasha? Je, anajua kazi ya pini ya tatu?
4. Kwa saa moja ya kukodisha tunaweka kando shilingi ngapi, na zinakaa kwa nani?